Cherehani Haitoki

4 Novemba

Leo mvua ya kwanza imeshuka na wifi yangu ameshuka nayo. Vasiti ni dada mkubwa wa Waisea, mume wangu, na akija kwetu huja kwa mtindo mmoja tu. Anavua kandambili nje, anakaa mkekani pale karibu na mlango kama mtu asiye na haki yoyote duniani, anasifia mapazia, halafu anaomba. Ukiona mtu wa kwetu amekaa chini namna ile anasifia mapazia yako, jua kuna kitu kinatoka nyumbani. Hiyo ndiyo kerekere. Ndugu akiomba, hukatai. Unaweza kununa, unaweza kuumwa tumbo kwa hasira, lakini unatoa.

"Mapazia haya, wifi. Mkono huu umependelewa."

"Asante."

"Losalini wangu anaolewa Februari. Ukoo mzima tutavaa kitambaa kimoja, kijani chenye maua meupe. Nimeshakichukua mjini."

"Hongera, wifi."

"Basi ndio nimekuja kuomba. Utushonee. Watu arobaini tu."

Tu. Utadhani anaomba chumvi. Nikamtazama Waisea, yeye alikuwa anachokonoa kucha za miguu. Nikasikia mtu anasema "sawa", na mtu huyo alikuwa mimi.

Ninaandika humu kwa sababu kuna maneno ambayo mdomo wangu unayagomea. Yakae hapa.

7 Novemba

Mvua. Nimepima watu kumi na mmoja. Kila mmoja ananiambia nimpunguzie tumbo, kana kwamba tumbo limo kwenye futi yangu.

12 Novemba

Kazini hali ni ile ile. Karakana yetu pale mjini Sigatoka inashona sare za wahudumu wa hoteli za pwani, na mwenye karakana, Bi Torika, hana tabia ya kuamrisha. Yeye huomba Mungu. Leo asubuhi tumesimama mbele ya mashine, vichwa chini, naye akasali: "Baba, tunawaweka mbele yako mabinti hawa wasiochoka, wanaoipenda nyumba hii, ambao Jumamosi zote hadi Krismasi watakuwa hapa kwa moyo mkunjufu. Amina."

Sisi wote tukaitikia amina. Ndivyo tulivyokubali Jumamosi.

Wote isipokuwa Shalini. Shalini anakaa mashine ya pembeni yangu, mama wa watoto watatu, mwembamba, ana ulimi wa wembe.

"Jumamosi mimi siwezi," alisema.

"Kuna nini mwanangu?"

"Siwezi, Bi Torika."

"Ndiyo, nauliza kuna nini?"

Shalini akawa anatunga uzi kwenye sindano. Bi Torika akasubiri, akasubiri, hadi aibu ikamshika yeye mwenyewe, akanigeukia mimi. "Kelera ataziba pengo. Kelera hana neno." Nikasema sawa. Nilikubali Jumamosi za watu wawili kwa pumzi moja.

Mchana tukiwa tunakula, Shalini na chapati zake za boga, mimi na muhogo wangu, nilimuuliza anawezaje.

"Wewe tatizo lako unapenda kueleza," akasema. "Ukitaka kukataa unaleta hotuba. Mara mgongo unauma, mara mgeni anakuja. Wao wanakusikiliza vizuri, halafu wanakutibu mgongo. Sasa hotuba imekwisha na kazi bado ipo."

"Sisi kwetu hatukatai watu hivyo."

"Najua. Ndiyo maana una macho mekundu."

Nilitamani kumzaba kibao. Tatizo alikuwa anasema kweli.

20 Novemba

Nimeshona mashati manne. Waisea kala, kalala.

29 Novemba

Niandike kuhusu cherehani yangu, maana ndicho kitu pekee ndani ya nyumba hii ambacho sijapewa na ukoo wa mtu. Ni ya umeme, inapinda na kufunga ukingo kwa mkupuo mmoja. Nimeinunua kwa mshahara wangu, kidogo kidogo, na nimeiweka chumba cha mbele kinachotazama barabara. Mwaka mpya nitatundika kibao hapo nje nishone sare za shule, halafu siku moja nitamuaga Bi Torika. Nikiwa nayo, siku hiyo ipo. Nisipokuwa nayo, nitazeeka nikishona kola za wahudumu na kuitikia amina.

Kwa sasa inashona kijani chenye maua meupe. Vasiti alipita leo kukagua. Akaipapasa cherehani kichwani kama mtoto. "Inafanya kazi yenyewe hii," akasema. "Kumbe huchoki."

14 Desemba

Jumamosi. Nilikuwa nashona mfuko wa shati la mhudumu, usingizi ukanichukua sekunde tu, sindano ikaingia kidoleni, ikatokea upande wa pili. Sikulia. Nilikiangalia tu kidole kama cha mtu mwingine. Wenzangu ndio waliopiga kelele.

Bi Torika alikuja na kisanduku cha dawa akanifunga mwenyewe, kwa upole, akanishika bega. "Pole mwanangu. Sisi hapa ni nyumba moja. Kaa kidogo, unywe chai." Nikanywa chai. Chai ilipoisha akaniuliza kama ninaweza kumalizia kwa mkono wa kushoto.

Na mimi, Kelera, mwanamke mzima, nikajaribu.

15 Desemba

Leo nimejichukia kutwa nzima. Nimemchukia na Waisea, ambaye alipoona kidole alisema, "Za Vasiti utamaliza lini sasa?"

Zamani nilidhani mume wangu ni mpole. Nimeishi naye nikiwasifia watu upole wake. Leo nimemtazama vizuri akila samaki. Si upole ule. Ni mtu aliyegundua kwamba ukikaa kimya, kuna mwanamke atasema sawa kwa niaba yako.

19 Desemba

Kimbunga kinapita kaskazini, redio inasema. Paa linavuja chumba cha mbele. Nilifunika cherehani kwa koti langu la mvua, nikatoka kufunga madirisha bila koti. Waisea akacheka. "Afadhali ingekuwa mume, tungejua anapendwa."

25 Desemba

Krismasi. Nimepika, nimeosha. Nimepika, nimeosha.

6 Januari

Bi Torika amesali tena. Jumamosi hazikuisha na Krismasi, sasa anataka na Jumapili, kuna hoteli inafunguliwa na wahudumu wake hawana cha kuvaa. Jumapili kwetu hata kuku hawapigiwi kelele, lakini yeye kasema Mungu anaelewa shughuli za watu.

"Kelera?"

"Siwezi."

Nilijiona kama nimeiba. Yeye akatabasamu.

"Una ibada?"

Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni. Ibada, kidole, nguo za harusi, paa linavuja. Nikaikaza midomo nikatunga uzi, na uzi ukakataa kuingia, ukakataa, nikaendelea kuutunga. Shalini alikuwa ananiangalia kwa pembe ya jicho.

"Haya," akasema Bi Torika. Hakujaribu kunifunga kwa sala tena. Mchana nikahamishiwa meza ya vifungo, kazi ya wanaoanza. Mtu anakuita mwanangu mwaka mzima, ukimkatalia siku moja unapelekwa kwenye vifungo. Basi nimejua ule uana ulikuwa wa bei gani.

19 Januari

Nitaandika yote.

Leo Jumapili, baada ya kanisa, nilikuwa jikoni nakuna nazi. Vasiti aliingia na msemaji wa ukoo wa mumewe, mzee mwenye sauti nzuri ya kuombea vitu, na fungu la mizizi ya kava, ile tunayotwanga na kunywa, na ambayo huletwa kwa ombi zito, limefungwa utepe. Wakakaa na Waisea mkekani. Nikasikia mzee akiongea yale maneno marefu, sikuyafuatilia, nilidhani ni mwaliko rasmi wa harusi. Kisha nikasikia makofi mazito ya Waisea, yale matatu ya viganja vilivyokunjwa. Maana yake fungu limepokelewa, na lililoombwa limekubaliwa. Wageni wakaaga. Vasiti alichungulia jikoni akanichekea meno yote. Nikashangaa, maana wifi yangu huwa hanichekei bure.

"Wanataka nini?" nikamuuliza Waisea.

"Mambo ya harusi."

"Mambo gani?"

Akavaa shati upya, ingawa alikuwa amevaa. "Cherehani. Losalini aondoke nayo kwenda kwa mumewe."

Nazi ikaniponyoka mkononi.

"Na wewe ukasemaje?"

"Ungetaka niseme nini, Kelera? Yule ni vasu wangu, mtoto wa dada yangu. Kwa desturi angeweza kuingia humu akabeba anachotaka bila hata kubisha hodi. Wamefanya heshima kuleta kava."

"Kwa mjomba wake abebe vya mjomba. Abebe panga lako. Abebe nguruwe wako."

"Ndani ya nyumba hii kuna changu na chako?"

"Hakuna? Vizuri. Basi kesho nguruwe wako nampelekea kaka yangu."

"Usilete utani."

"Mimi nakutania? Cherehani ile umewahi hata kuipaka mafuta?"

"Nimeshapokea," akasema, na hapo sauti yake ikawa ya kuomba, hiyo hiyo ya ukoo wao. "Nimepiga makofi, msemaji kaona. Nikirudi nyuma nitaweka wapi uso? Utapata nyingine, wewe mhangaikaji." Akachukua fungu akatoka kwenda kwenye banda la wanaume.

Nilibaki na mbuzi ya nazi. Nilisikia kitu kimoja tu kichwani: wakishaitwanga, basi. Fungu likiwa zima bado linarudishika. Likishatwangwa na kunywewa, ombi limekwisha kumezwa na ukoo mzima, huwezi kulitapisha. Na kinu cha wanaume wetu ni cha chuma, kikianza kulia kijiji kizima kinasikia. Nikatega sikio. Bado. Nikatoka mbio kwenye mvua, na aproni, na machicha ya nazi mikononi.

Bandani walikuwa watano. Binamu yake Waisea, Nemani, ameshakata utepe ameshika mchi. Mizizi ilikuwa bado kwenye mkeka.

"Shemeji," akasema Nemani, "leo unakunywa na sisi? Mkaribisheni, kaja na nazi zake."

Wakacheka. Nikainama nikaikusanya mizizi yote kwenye aproni. Kicheko kikakatika.

"Shemeji, hiyo ikitoka hapa kijiji kitaongea."

Waisea akasimama. "Kelera. Iweke chini."

"Hapana."

Ndilo neno lenyewe, na miaka yote nilidhani likitoka litaniua. Nilitaka kuongeza. Nilitaka kuwaambia juu ya mshahara wangu na kidole changu na yeye anavyochokonoa kucha. Nikavimeza vyote nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia mchi ukiwekwa chini.

Nyumba ya Vasiti ipo mwisho wa kijiji, karibu na mto. Nikavua kandambili, nikakaa pale mlangoni, chini, kwa adabu yao yote, nikaiweka mizizi mkekani mbele yake.

"Wifi, nimeirudisha."

Yeye si mjinga. Aliiangalia, kisha akaikalia mikono yake. Asipoigusa, haijarudi. Nami nisipoinuka, haijabaki. Tukakaa hivyo.

"Mwanamke gani anarudisha kava?" akasema. "Hata msemaji huna."

Nikanyamaza.

"Mkono wa birika. Ndugu yangu alioa ukoo wa watu wachoyo, nilimwambia."

Nikanyamaza.

"Nguo umeshona, hatukatai. Sasa unatuonyesha kwamba ulikuwa unashona kwa kinyongo."

Hapo ulimi uliniwasha kweli kweli, maana alikuwa amepatia. Losalini, bibi harusi, akatoka chumbani na nywele za vibanio. "Mama, mwachie. Mimi hata kushona sijui."

"Nani kakuuliza wewe? Itakaa juu ya mikeka ya zawadi, watu waione."

Kwa hiyo ndiyo hiyo. Siku yangu ya kumuaga Bi Torika ilikuwa inakwenda kuwekwa juu ya mikeka ili watu waione. Nilimchukia Vasiti kwa chuki safi isiyo na majuto, na nilikaa palepale. Maji yalinichuruzika yakalowesha mkeka wake mzuri.

Sijui tungekaa hadi lini. Ila leo ilikuwa zamu ya nyumba yake kwa sala ya jioni ya Jumapili, na tukaanza kusikia watu wanakuja njiani wakiimba, shemasi mbele. Vasiti akasikia. Akaitazama mizizi iliyotawanyika mkekani. Utepe umekatwa, mtu yeyote akiiona anajua fungu la ombi limerudishwa usoni pako. Nyimbo zikafika kwenye mchungwa wa jirani. Vasiti akainama, akaikumba yote kwa mikono miwili, akaisukuma chini ya kitanda.

Kwa mikono yake mwenyewe. Nikakunja viganja nikapiga makofi matatu, taratibu, nikasimama. Shemasi aliniuliza kama sikai kwenye sala. Nikasema sikai.

20 Januari

Hakuna anayenisalimia.

21 Januari

Hakuna anayenisalimia. Mvua.

24 Januari

Waisea analala bandani. Mto umepanda. Cherehani ipo.

Nguo za watu nimeendelea kuzishona. Nilizikubali kabla, na sitaki mtu aseme nililipiza kisasi kwa mshono. Ila nimeshona bila kinyongo wala upendo, kama ninavyoshona kola.

3 Februari

Nimempa Bi Torika taarifa kwamba mwisho wa mwezi ninaondoka.

"Ni vile vifungo? Nitakurudisha mashine kesho."

"Naondoka."

"Kelera, tumekulea hapa."

Shalini akaanza kukohoa makusudi. Baadaye tukiwa msalani aliniambia, "Sasa Jumamosi zako watanipa mimi." Hakuwa anacheka. Nilidhani atafurahi kwa ajili yangu. Basi hata yeye, neno langu la hapana lilimfaa likiwa linasemwa kwa watu wengine.

5 Februari

Nemani amekuja kuchukua nguo. Alizihesabu mlangoni, hakuingia. Akachukua na gauni langu, la arobaini, nililojishonea mimi.

"Hilo langu, shemeji."

"Vasiti kasema hesabu imebadilika." Hakunitazama. "Atavaa binti wa ndugu zetu wa mji wa Nausori."

Nilimwacha alichukue. Alipoondoka nililia, nisijidanganye. Nililia sana. Si kwa sababu ya kitambaa. Kwetu harusini au msibani watu wanakutafuta kwa kitambaa: ukivaa cha ukoo, wewe ni wa ukoo, ukivaa kingine, wewe ni mgeni tu aliyepita njia. Miaka kumi na miwili nimevaa vitambaa vyao.

8 Februari

Nimekwenda harusini. Dada yangu alinishauri nijifanye mgonjwa, nikakataa. Nimevaa gauni langu la bluu la kanisani nikaingia kwenye turubai, na mbele yangu kulikuwa na bahari nzima ya kijani chenye maua meupe, kila mshono naujua. Waisea alikuwa amekaa na wanaume, limemkaa vizuri shati lile. Aliniona, akageukia bakuli la kava.

Nilielekea nyuma, kwenye masufuria, ambako wake za ukoo hukaa. Vasiti akanizuia njiani na tabasamu, watu wote wanaona.

"Aa, mgeni haendi jikoni. Mgeni anakaa juu."

Akanishika mkono, akanipeleka hadi mbele, mkeka wa wageni, nikakalishwa kati ya mchungaji na bwana mmoja wa upande wa bwana harusi. Nilisikia wanawake wakicheka chini chini. Nilikuwa nimevuliwa ukoo mchana kweupe, kwa adabu, na aliyenivua alinitandikia kitambaa cha meza. Uso wangu uliwaka. Kidogo niinuke nikimbie.

Kisha chakula kikaja. Sikuwa nimewahi kujua kwamba chakula cha harusi huwa cha moto. Miaka yote nimekula makombo nimesimama, mgongo kwenye sinia, mikono ina sabuni. Leo Vasiti mwenyewe aliniwekea sahani: nguruwe wa kuokwa shimoni kwa mawe ya moto, samaki wa nazi, viazi vikuu. Desturi inamlazimu. Mgeni anahudumiwa na mwenye shughuli.

"Karibu, mgeni," akasema, kwa nguvu.

"Asante. Ongeza samaki."

Akaniangalia. Mchungaji alikuwa anasikiliza. Akaongeza.

Nimekula taratibu. Iliniuma bado, kila nilipoinua macho na kuona kijani iliniuma, na sitaandika kwamba imeacha. Lakini nimekula nikashiba, na bwana wa upande wa pili aliniuliza nani kashona nguo hizi zote za kupendeza, nikamwambia ni mimi, na kwamba kuanzia mwezi ujao nipo chumba cha mbele barabarani. Akasema ana mabinti watatu wa shule.

Mvua ikarudi saa ya kumaliza. Turubai likaanza kuvuja, wasichana wa kwao Nausori wakakimbilia kwenye basi lao, na binti aliyevaa gauni langu akawa wa kwanza. Masufuria na sahani vikabaki vimerundikana uani, wanawake wachache, maji yanajaa. Nilikuwa navaa kandambili zangu nikamsikia Vasiti ananiita kwa mbali, halafu akaja karibu, kijani chake kimelowa kimemgandama, akanishika kiwiko.

"Wifi," akasema. "Wifi yangu. Njoo utushike mkono na vyombo."

"Hapana," nikamwambia.

Akasubiri. Nikafungua mwavuli, nikaenda zangu nyumbani.